Riwaya za Bendi za Kubuni na Hukumu za Wasomaji Wake

Miongoni mwa riwaya zilizoandikwa kwa Kiingereza katika nusu karne hii iliyopita limo fungu moja lenye shani yake, nalo ni la riwaya zinazosimulia habari za bendi za roki ambazo hazikupata kuwako duniani: waimbaji wake hawakuzaliwa, santuri zake hazikuchapwa na kiwanda chochote, na viwanja zilivyovijaza, ijapokuwa aghalabu ni viwanja vya kweli vinavyojulikana na wenyeji wa Chicago au London, havikupata kuzisikia hata kwa usiku mmoja. Walakini wasomaji huzibishania bendi hizo kwa ari ile ile wanayozibishania bendi za kweli, huyu akimtetea mwimbaji na yule akimlaumu mpiga gitaa, huyu akisema kwamba kitabu kimemrudishia ujana wake na yule akiapa kwamba mwandishi hajapata kusimama karibu na jukwaa maishani mwake. Nimeyafuata mabishano hayo kwa muda mrefu, maana navipenda vyote viwili, riwaya na muziki, na kadiri nilivyoyasikiliza ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba chini ya hitilafu zote za wasomaji lipo swali moja, yaani kama mwandishi amekusudia tuusikie wimbo au amekusudia tuwaone watu wanaoutaabikia. Kwa kuwa aliyeshika njia ya kwanza mara nyingi hushindwa hata akiwa na kipaji adhimu, na aliyeshika ya pili mara nyingi hufaulu hata akiwa na kipaji cha wastani.

Fungu lenyewe si changa. Don DeLillo wa Marekani alitoa Great Jones Street mwaka 1973, P. F. Kluge akafuata na Eddie and the Cruisers mwaka 1980, George R. R. Martin akatoa The Armageddon Rag mwaka 1983, na mwaka 1987 pekee ulileta vitabu viwili ambavyo hata leo havijasahaulika, Espedair Street cha Iain Banks wa Scotland na The Commitments cha Roddy Doyle wa Ireland. Salman Rushdie aliingia katika uwanja huo mwaka 1999 kwa The Ground Beneath Her Feet, na Jennifer Egan mwaka 2010 kwa A Visit from the Goon Squad, kitabu kilichompatia tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Lakini mavuno makubwa yalikuja kwa miaka mitatu mfululizo, mwaka 2019 Taylor Jenkins Reid alipotoa Daisy Jones & The Six, mwaka 2020 David Mitchell alipotoa Utopia Avenue, na mwaka 2021 Dawnie Walton alipotoa The Final Revival of Opal & Nev. Hapana shaka sababu mojawapo ya mavuno hayo ni kwamba vijana wa miaka ya 60 na 70 wamekwisha kuwa wazee, muziki wao umegeuka tarikh, na kizazi kilichozaliwa baadaye kinautazama kama watu watazamavyo enzi ya wafalme, kwa shauku na kwa wivu kidogo.

Lawama kongwe kuliko zote, na ambayo haina budi kujibiwa kabla ya nyingine, ni ile isemayo kwamba kitabu hakina sauti. Msomaji huambiwa kwamba wimbo fulani uliwaliza watu elfu nyingi, kwamba sauti ya mwimbaji ilikuwa ya moshi na asali, kwamba gitaa lililia hata nywele zikasimama, naye akifunga kitabu hana kitu masikioni isipokuwa ushuhuda wa mtu mwingine. Baadhi ya waandishi wameona aibu hiyo na wakataka kuitibu kwa kuyachapa maneno ya nyimbo zenyewe. Bi Reid, mathalan, ameweka mwishoni mwa kitabu chake maneno kamili ya nyimbo zote za albamu ya Aurora, na DeLillo kabla yake alimtungia shujaa wake Bucky Wunderlick mashairi ya kutosha. Hapa wasomaji hutengana makundi mawili yasiyopatana: wako wanaozisoma nyimbo hizo kwa furaha na kuzitungia sauti zao wenyewe, na wako wanaoziruka, wakisema kwamba maneno yaliyosifiwa kuwa ya ajabu katika sura ya 5 yameonekana ya kawaida sana mwishoni.

Mimi nasimama na hao wanaoziruka, wala si kwa sababu nyimbo hizo ni mbaya kuliko nyimbo za kweli. Maneno ya nyimbo nyingi adhimu za roki, yakitolewa kwenye gitaa na ngoma na yakawekwa peke yake juu ya karatasi, hubaki makavu. Sisi tuliolelewa katika ushairi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hilo, kwa kuwa shairi letu la mishororo minne yenye mizani 16, na vina vyake vya kati na vya mwisho, hubeba ndani yake nusu ya mahadhi yake. Apewaye ubeti asioujua aweza kuughani papo hapo, maana kipimo chake kinamwongoza pumzi na kituo. Wimbo wa roki hauna ahadi hiyo. Mshororo mmoja ni mrefu na wa pili ni mfupi, neno moja huvutwa kwa sekunde kumi na jingine humezwa, na siri ya wimbo wote yaweza kuwa katika pigo moja la ngoma lililochelewa kidogo. Msomaji aliyepewa maneno peke yake amenyimwa kile hasa kilichoufanya wimbo uwe wimbo.

Ndiyo maana napenda kuwatazama wale waliokwepa mtego huo, kwani kila mmoja ameukwepa kwa hekima yake. Doyle, ambaye alikuwa mwalimu wa shule kaskazini mwa Dublin alipoandika kitabu chake, hakubuni wimbo hata mmoja wa kumtaka msomaji ausadiki: vijana wake hupiga nyimbo za James Brown na Wilson Pickett, nyimbo ambazo ulimwengu mzima unazijua, hata wimbo mmoja wa Brown unaotaja miji ya Marekani wakautia majina ya vituo vya reli vya mji wao wenyewe. Kwa hiyo masikio ya msomaji hujaa bila ya mwandishi kutumia sifa hata moja, na kazi yote iliyobaki ni ya mazungumzo, matani na magomvi, ambayo Doyle anayaandika kwa ufasaha usio na kifani. Ni kweli kwamba bendi hiyo hupiga soul na si roki, na wako wasomaji wanaokitoa kitabu hicho katika fungu hili kwa hoja hiyo. Naona hoja yao ni ya jina na si ya maana, kwa sababu gitaa, besi, ngoma, meneja asiye na fedha na mwimbaji mwenye kiburi ni wale wale.

Bi Egan ameshika njia ya kinyume. Katika sura moja ya kitabu chake, iliyoandikwa yote kwa mfano wa slaidi za kompyuta na mtoto wa kike anayeieleza familia yake, yumo mvulana anayevutiwa na vituo vilivyomo ndani ya nyimbo za roki, yaani yale matuo mafupi ambapo vyombo vyote hunyamaza na msikilizaji hudhani wimbo umekwisha, kisha ukarudi. Sifahamu uvumbuzi mwingine katika riwaya hizi unaoushinda huo. Kitabu hakiwezi kutoa sauti, lakini kimya chaweza kukitoa kwa ukamilifu, na slaidi iliyo karibu tupu katika sura hiyo hufanya kazi ile ile inayofanywa na tuo katika wimbo. DeLillo naye, miaka 37 kabla yake, alikuwa ameelekea upande huo huo: Bucky anaiacha bendi yake katikati ya safari ya maonyesho, anajifungia katika chumba kimoja cha New York, na riwaya nzima ni ya mtu aliyeikataa sauti, hata mwisho akatiwa dawa inayomnyang'anya maneno. Wasomaji wengi hukilaumu kitabu hicho kuwa baridi na chenye watu wanaosema kama hotuba. Lawama hiyo ina haki yake, na hakuna atakayekisoma kwa raha. Lakini ni kitabu cha kwanza kilichofahamu kwamba mashabiki wanaweza kummaliza mtu kwa mapenzi yao, na kwa ufahamu huo peke yake nakihesabu miongoni mwa vitabu vya lazima.

Lawama ya pili hutoka kwa wale wajuao sana. Msomaji aliyekulia pamoja na muziki wa miaka ya 70 akikifungua kitabu cha Daisy Jones hawezi kusoma kurasa nyingi bila ya kuiona Fleetwood Mac: mwanamke na mwanamume wanaopendana na kuchukiana mbele ya kipaza sauti kimoja, bendi ya Los Angeles iliyochanganya jinsia, albamu moja iliyozaliwa katikati ya fitina za moyo. Bi Reid mwenyewe hakuificha asili hiyo. Amesimulia jinsi alivyomwona, akiwa msichana, Stevie Nicks akimwimbia Lindsey Buckingham kwenye televisheni, na jinsi swali la kama wawili hao walikuwa bado wanapendana lilivyokaa naye kwa miaka. Na Fleetwood Mac si kivuli kidogo, kwa kuwa albamu yao ya Rumours ya mwaka 1977, iliyorekodiwa wakati wawili hao wanaachana na John na Christine McVie wanavunja ndoa yao, imeuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Basi wajuzi husema: kwa nini nisome nakala, ilhali asili ipo na yasikika?

Hoja hiyo ina nguvu, ila haifiki mwisho wake. Wasifu wa watu wa kweli una mipaka ambayo riwaya haina. Mwandishi wa wasifu hawezi kuingia katika chumba ambacho mlango wake ulifungwa, naye akiingia bila idhini amekuwa mzushi. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad alituachia hazina kubwa ya habari na sifa za mwimbaji huyo wa Unguja, lakini yale yaliyopita moyoni mwa Siti alipokuwa peke yake hakuwa na njia ya kuyajua, na kwa uungwana hakuyadai. Riwaya ya bendi ya kubuni yapata uhalali wake mahali hapo hapo. Daisy Jones ikisomwa kwa ajili ya Daisy na Billy Dunne, ambao ndio wenye sura za watu wa kweli, huonekana nyembamba. Ikisomwa kwa ajili ya Camila, mke wa Billy, anayejua kila kitu na kuchagua la kufanya, au kwa ajili ya Karen, mpiga kinanda anayekataa kuyaacha maisha ya jukwaa kwa ajili ya mapenzi ya Graham, mwenzake katika bendi, hupata uzito ambao hakuna wasifu wa Fleetwood Mac unaoweza kuutoa. Nimeona kwamba wasomaji wa kike mara nyingi humtaja Karen kwanza, nao wana haki.

Kwa Mitchell shitaka ni jingine, yaani si kufananisha watu bali ni kuwaleta wenyewe. Utopia Avenue ni bendi ya London ya mwaka 1967 na 1968, yenye Elf Holloway mwenye kinanda, Dean Moss mwenye besi, Jasper de Zoet mwenye gitaa na Griff Griffin mwenye ngoma, na katika njia yao hukutana na David Bowie kabla ya umaarufu wake, na Syd Barrett, na Brian Jones, na Leonard Cohen, na Janis Joplin, kila mmoja akitokea kwenye ngazi au kwenye karamu, akasema jambo la busara, akapita zake. Wapo wanaoipenda michezo hiyo, na wapo wanaochoka nayo kabla ya nusu ya kitabu. Mimi ni katika waliochoka. Mtu maarufu akiingia katika riwaya kwa kurasa mbili, msomaji huacha kumtazama mtu wa kubuni na kuanza kumpima yule wa kweli, kama kweli angesema hivyo, na kwa muda huo bendi hugeuka kuwa mwongozo wa watalii. Inasikitisha zaidi kwa kuwa sehemu bora za kitabu hicho ni zile zisizo na mgeni yeyote: kila sura ina jina la wimbo, nayo husimuliwa kwa jicho la yule aliyeutunga, hata msomaji akaona jinsi msiba wa nyumbani, kumbukumbu ya baba mlevi au hofu ya wazimu inavyopita katika mikono ya watu wanne na kutoka upande wa pili ikiwa muziki. Hapo Mitchell ameandika kazi ya bendi kwa namna ambayo wachache wameiweza.

Rushdie alilitatua tatizo la ukweli kwa kuigeuza dunia yenyewe, akamfanya Ormus Cama wa Bombay asikie nyimbo kubwa za Magharibi kutoka kwa pacha wake aliyekufa, kabla hazijarekodiwa na wenyewe. Fikra hiyo ni nzuri mno. Kitabu ni kirefu mno. Wengi hukiacha katikati, wala siwalaumu.

Sasa nifike kwenye umbo la vitabu hivi, maana hakuna jambo linalowagawa wasomaji wa sasa kuliko hilo. Daisy Jones, Opal & Nev, na kabla yake Wylding Hall cha Elizabeth Hand cha mwaka 2015, vyote vimeandikwa kwa mfano wa mahojiano: hakuna msimulizi wa kawaida, bali majina ya wasemaji na maneno yao, huyu akianza habari na mwenziwe akiimalizia au akiikanusha. Umbo hilo halikuzuliwa na waandishi wa riwaya. Limetoka katika vitabu vya habari za muziki wenyewe, na kilicho mashuhuri kati ya hivyo ni Please Kill Me cha mwaka 1996, ambamo Legs McNeil na Gillian McCain waliwakusanya watu wa muziki wa panki wa New York wakawaacha waseme. Wenye kulipenda umbo hili husema kwamba husomeka upesi na kwamba ukweli wa bendi hauwezi kuwa wa mtu mmoja, kwani watu sita waliokuwa katika chumba kimoja usiku mmoja watatoa shahada sita. Wenye kulichukia husema kwamba sauti zote hufanana, kwamba kijana wa mtaani na tajiri wa studio wanazungumza kwa kalamu ile ile, na kwamba mwandishi amejiepusha na kazi ngumu ya kueleza mahali, mwanga, harufu na nyuso.

Hukumu yangu ni kwamba pande zote mbili zinasema kweli juu ya vitabu tofauti. Katika Daisy Jones wasemaji hupishana juu ya mambo yaliyotokea, na mpishano huo ni utamu wa kitabu, lakini ukiyafunika majina hutaweza kila mara kumtambua asemaye. Warren mpiga ngoma hujulikana kwa mzaha wake, Daisy kwa majivuno yake, wengine huchanganyika. Katika kitabu cha Bi Walton hali ni nyingine kabisa, kwa sababu yeye alifanya kazi ya uandishi wa magazeti kabla ya kuingia katika riwaya, na anajua kwamba mahojiano si maneno ya anayejibu tu, bali ni pambano kati yake na anayeuliza.

Na hapa sina budi kukawia, kwa kuwa kwa maoni yangu The Final Revival of Opal & Nev ndicho kitabu kilichoipa jinsi hii ya riwaya sababu ya kuwako. Opal Jewel ni mwanamke mweusi wa Detroit, asiye na nywele kichwani kwa maradhi, asiye na sauti tamu ya kanisani ambayo watu humtarajia mwimbaji mweusi awe nayo. Nev Charles ni kijana mweupe wa Birmingham, Uingereza, mtunzi wa nyimbo zenye vituko. Wanakutanishwa New York na kampuni ndogo ya santuri, na mwaka 1971, katika onyesho moja la kampuni hiyo, bendi nyingine ya watu wa Kusini inaleta bendera ya wale waliopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani; Opal anaikabili bendera hiyo, ghasia zinazuka, na mpiga ngoma Jimmy Curtis anapigwa hadi kufa. Anayekusanya shahada hizo miaka mingi baadaye ni Sunny Shelton, mhariri wa jarida la muziki, ambaye ni binti ya huyo Jimmy, na Jimmy alikuwa na mapenzi na Opal mkewe akiwa na mimba. Msomaji anaambiwa hayo mapema, kwa hiyo kila swali analouliza Sunny lina mzigo wake, na kila jibu analopewa laweza kuwa huruma au hila.

Wapo wasomaji waliosema kwamba kitabu hicho kimezidiwa na siasa, kwamba walikuja kutafuta muziki wakapewa ubaguzi wa rangi. Siwezi kuikubali kauli hiyo. Muziki wa roki ulitoka mikononi mwa watu weusi, mikononi mwa Sister Rosetta Tharpe na Chuck Berry na Little Richard. Big Mama Thornton alirekodi Hound Dog mwaka 1952, na wimbo huo ukawa mali ya Elvis Presley katika akili za watu tangu mwaka 1956. Katika tamasha la Altamont, California, mwezi wa Desemba 1969, Meredith Hunter, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa karibu na jukwaa wakati Rolling Stones wanapiga. Kuandika riwaya ya bendi ya Marekani ya zama hizo bila ya kuligusa jambo hilo kwawezekana, na wengi wameandika hivyo, lakini kuligusa si kuongeza siasa juu ya muziki. Ni kuusimulia muziki kwa insafu. Tena Bi Walton hakumfanya Opal malaika. Ni mkali, mwenye kupenda kutazamwa, na swali la nani alaumiwe kwa kifo cha Jimmy linaachwa hadi mwishoni na kujibiwa kwa namna inayoumiza.

Lawama nyingine ni kwamba mwisho wa vitabu hivi wajulikana tangu mwanzo: bendi itainuka, itapata fedha, itaingiwa na dawa za kulevya na husuda, kisha itavunjika. The Six huvunjika Julai 1979 baada ya onyesho la Chicago Stadium. The Commitments hutawanyika kwa ngumi wakati mazungumzo ya rekodi yao ya kwanza yamekwisha kuanza. Frozen Gold ya Banks imekwisha kufa ukurasa wa kwanza unapofunguliwa, na Daniel Weir, mtunzi wake mwenye kigugumizi, anaishi peke yake katika jengo la kanisa mjini Glasgow akiwaficha watu utajiri wake. Ni kweli kwamba njia ni moja. Lakini bendi za kweli nazo hupita njia hiyo hiyo, wala si za Magharibi pekee. Wapenzi wa dansi wa Nairobi na Dar es Salaam wanakumbuka jinsi Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Peter, waliotoka Tanga, ilivyokatika vipande viwili mwaka 1978, vijana wake wakaondoka na kuunda Les Wanyika.

Ninalowalaumu waandishi si kuvunjika kwa bendi bali ni sababu wanazozitoa. Mapenzi na ulevi huandikwa kwa wino mwingi, hesabu huandikwa kwa wino kidogo. Na hesabu ndiyo inayoua: kwa kawaida ya biashara hii mtunzi wa wimbo ana haki ya malipo yake mbali na malipo ya wapigaji, hata mtu aliyekaa nyuma ya ngoma kwa miaka kumi akaona mwenzake amenunua jumba ilhali yeye bado anapanga, na wote wawili walikuwamo katika chumba kile wimbo ulipozaliwa. Bi Reid amelikaribia jambo hilo kwa Eddie Loving, mpiga gitaa ambaye kazi yake hurekebishwa na Billy bila ya kuulizwa, na chuki ya Eddie ni katika mambo ya kweli kabisa kitabuni. Banks amelitazama kutoka upande wa aliyetajirika, naye Weir ni mtunzi anayeona haya kwa mali yake. Doyle hakuhitaji kulieleza, kwa kuwa vijana wake hawakupata kitu cha kugawana. Riwaya kamili ya fedha za bendi bado haijaandikwa.

Yabaki suala la nyimbo zinapotoka kitabuni na kusikika kweli. Alan Parker alipoigeuza The Commitments kuwa filamu mwaka 1991, hakukuwa na hatari kubwa, maana nyimbo zilikuwa za kweli tangu mwanzo, na kijana Andrew Strong, aliyekuwa na miaka 16 tu, aliziimba kwa koo la mtu mzima. Kwa hiyo wasomaji karibu wote waliridhika. Filamu ya Eddie and the Cruisers ya mwaka 1983 haikupata bahati hiyo kwa wajuzi, kwa sababu bendi iliyosemwa kuwa ya mwanzo wa miaka ya 60 ilisikika dhahiri kama muziki wa miaka ya 80. Maneno ya wimbo uliomo katika riwaya ya Rushdie yalitiwa sauti na U2 na kutolewa mwaka 2000, na nadhani wako wengi wanaoujua wimbo bila ya kujua kwamba kuna kitabu. Mwaka 2023 Daisy Jones ikawa mfululizo wa televisheni wa sehemu kumi, Riley Keough, mjukuu wa Elvis, akiwa Daisy na Sam Claflin akiwa Billy, na albamu ya Aurora ikatungwa upya kwa nyimbo ambazo si zile zilizochapwa kitabuni. Wapo waliofurahi mno. Wapo waliosema kwamba wimbo waliousikia kichwani kwa miaka minne ulikuwa bora. Nyimbo zenyewe ni safi na zimepigwa na watu wanaojua kazi, lakini zilikuja kushindana na sifa ambazo hakuna wimbo uliopata kuzifikia, na hukumu ya kwamba zilikuwa nzuri tu ilikuwa imeandikwa tangu kitabu kilipodai kuwa ni za ajabu.

Hata kuuzwa kwa vitabu hivi hakufuati ubora wake. The Armageddon Rag, hadithi ya mauaji na ya bendi inayotaka kufufua vurugu za miaka ya 60, haikununuliwa, na kushindwa kwake kulimsukuma Martin aache riwaya kwa muda na kwenda kuandikia televisheni. Leo watu humjua kwa mambo mengine kabisa, ingawa kitabu kile kina kurasa za jukwaani ambazo ni kali kuliko nyingi zilizokuja baadaye. Na Juliet, Naked cha Nick Hornby, cha mwaka 2009, ambacho hakina bendi bali mwimbaji aliyejitenga na shabiki anayemchambua usiku na mchana, nakitaja kwa kuwa ndicho kinachotuhusu sisi wasomaji: mwanamume na mwanamke wanaoishi nyumba moja wanasikiliza rekodi moja, mmoja akaiona ni kilele cha sanaa na mwingine akaiona ni rasimu tu, na hukumu hizo mbili zikawatenganisha.

Kwa msomaji anayetaka kuingia katika fungu hili, shauri langu ni aanze na The Commitments, ambacho ni kifupi na kinasomeka kwa siku mbili, kisha akipe Opal & Nev wasaa wa kutosha, asiruke maelezo ya mhariri yaliyomo ndani yake; Daisy Jones akisome kwa ajili ya Camila na Karen, Utopia Avenue kwa ajili ya sura za utunzi, na sura ya slaidi ya Bi Egan hata kama hatasoma kitabu kizima. Cha Rushdie akiweke mwisho. Na palipo na filamu, asiitazame kabla hajamaliza kitabu.